Kijana wa barazani Chake Chake, ahsante

Kijana uliyekaa nasi tukisubiri tiba ya viungo, jina lako sikulishika. Bibi tangu aanguke alikuwa hataki kukunja goti, akidhani mfupa utachomoka. Ukamwelekezea simu mguuni: kamera ikashika nyonga, goti na kifundo, ikachora mifupa juu ya mguu wake mwenyewe, na ile pia ya goti, kifupa cha mbele ya goti, ikiteleza kwenye mfereji wa mfupa wa paja kila akikunja. Hukumdanganya; ulisema ni mchoro tu, si eksirei. Wewe uliita uhalisia ulioongezwa, yeye kaiita kioo cha mifupa. Akakunja goti nyuzi 60, 75, mpaka 90! “Kumbe yateleza tu, mjukuu wangu.” Sasa kila baada ya alasiri anakunja, miye nahesabu.