Watoto wacheze ngoma kwa ajili ya afya yao, si kwa ajili ya mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu, walezi wa makao ya watoto na viongozi wa halmashauri zetu hapa Mwanza juu ya jambo tulilolizoea kiasi kwamba hatulioni tena. Kila anapokuja mgeni rasmi shuleni, au wafadhili wanapotembelea makao ya watoto, watoto huvalishwa njuga na kupangwa juani wakicheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, mpaka gari la mgeni litokee. Mgeni akishaondoka, ngoma hukusanywa na kufungiwa stoo hadi ziara nyingine. Nimefundisha shule za msingi pande za Magu na Ilemela mpaka nilipostaafu, na ngoma hizo hizo nimezifundisha. Ninachoomba ni kwamba zitolewe stoo kila wiki, mgeni awepo asiwepo, kwa sababu kwa mtoto aliyeumizwa angali mdogo ngoma inayochezwa kwa utaratibu na upendo ni sehemu ya matibabu yake, na wengi wa watoto hao hawapati matibabu mengine yoyote.

Watoto hao ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, ambao Serikali yetu iliufanya kwa kushirikiana na UNICEF na wengine, na ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya kila 10, na mvulana 1 hivi kati ya kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya watoto wote, wa kike kwa wa kiume, walipata ukatili wa kimwili. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 mbele yake na apige hesabu mwenyewe. Nasi wa kandokando ya ziwa tuna misiba yetu ya ziada. MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikapoteza watu zaidi ya 220. Nyuma ya kila jina lililosomwa walibaki watoto walioambiwa wanyamaze wasiwasumbue wafiwa. Wapo watoto wa mialoni wanaolala macho wakisubiri mtumbwi usiorudi. Wapo walioshuhudia bibi zao wakikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na wapo wenye ualbino ambao utoto wao wote ulikuwa wa kujificha.

Hatari inapomkabili mtoto, mwili wake hufanya kile ambacho mwili wa mtu yeyote ungefanya: moyo huenda mbio, pumzi hukatika, misuli hukaza, na homoni za adrenalini na kotisoli humwagika katika damu ili apate kukimbia au kupambana. Lakini mtoto hana pa kukimbilia wala hana nguvu za kupambana, hasa pale anayemuumiza anapokuwa ndiye anayempa chakula, na hatari ikijirudia mwili wake hukaa katika hali ya kujihami hata pasipo na kitu cha kujihami nacho. Darasani sisi walimu huona matokeo tu. Huyu hushtuka chaki ikianguka, yule husinzia mchana kwa kuwa usiku halali, mwingine anakojoa kitandani akiwa darasa la tano, na mwingine amepoa kiasi kwamba ukimgusa bega unagusa ubao. Majina tunayowapa ni mtundu, mvivu, jeuri, ana mashetani.

Kisha tunamwita ofisini na kumwambia, "Sema." Hasemi. Kwa malezi yetu mtoto hatoi siri ya nyumbani, na mara nyingi maneno yenyewe hana, kwa sababu jambo lilimpata kabla hajajua jina lake. Hapo ndipo ngoma inapofika mahali ambapo maswali yetu hayafiki.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipitia. Baba yangu alipofariki nilipelekwa kulelewa kwa ndugu, na huko nilipigwa namna ambayo sitaieleza gazetini. Bibi yangu mzaa mama aliponichukua nilikuwa mtoto nisiyevumilia mtu apite nyuma yangu. Hakuniuliza neno. Jioni alikuwa akinipeleka kwenye wigashe, ngoma yetu ya kukaa, ambamo watu huketi mstari wakiyumbisha mabega na mikono kwa wimbo mmoja, naye akinikalisha kati yake na mama mdogo. Mwanzoni nilikaa kimya nikiwatazama. Kilichofunguka kwanza ni pumzi, maana haiwezekani kuitikia wimbo pamoja na wengine huku umeibana pumzi kifuani; na pumzi ilipofunguka, mabega yakafuata bila mimi kuyaamuru. Sikupona kwa msimu mmoja, na mpaka leo zipo sauti zinazonishtua, lakini ni katika mstari ule nilijua kwa mara ya kwanza kwamba naweza kuwa katikati ya watu wazima na mwili wangu ukatulia.

Baadaye, nikiwa mwalimu, nilielewa kwa nini. Bugobogobo ilizaliwa shambani, watu walipolima kwa pamoja na ngoma ikashika mwendo wa majembe ili wote waende sawasawa, mwenye nguvu asiwaache wenzake. Mtoto aliyekulia katika nyumba ambako hakujua baba atarudi saa ngapi wala atarudi vipi ana njaa ya kitu kinachotabirika, na pigo la ngoma huja pale pale lilipotazamiwa, tena na tena, mpaka mwili unaliamini. Anaporusha jembe na kulidaka, mikono iliyozoea kukinga kipigo inajifunza kazi nyingine. Anapokanyaga kwa nguvu pamoja na wenzake thelathini, hasira ambayo nyumbani ingemletea adhabu inapata pa kwenda pasipo kumuumiza mtu. Halafu kuna kile ambacho manju mzuri, yaani kiongozi wa ngoma, hukifanya bila kufundishwa chuoni: akiona mtoto mwoga ametikisa bega kidogo tu, hulichukua bega hilo, akalicheza yeye, na kundi zima likamfuata. Mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumsikiliza anaona mwendo wake umejibiwa na watu wote.

Jambo hili halikugunduliwa kwetu peke yetu. Marekani, mcheza dansi Marian Chace alianza mwaka 1942 kufanya kazi na wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths jijini Washington, wakiwemo wale waliokuwa hawazungumzi kabisa, na njia yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuufuata kwanza mwendo wa mgonjwa kabla ya kumwalika katika mwendo wa wengine. Kazi hiyo ikawa taaluma, na mwaka 1966 kikaundwa chama cha wataalamu wa tiba ya dansi, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na dansi ilikuwa miongoni mwa sanaa zilizoonekana kusaidia afya ya mwili na ya akili. Wenzetu wamelazimika kuijenga taaluma hiyo tangu msingi, ilhali sisi tuna Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yaliyoshindana kucheza kwa vizazi, tuna Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, tuna sikukuu ya Bulabo kila Juni, na bado mtoto wa Kisesa mwenyewe huzicheza ngoma hizo pale tu anapotakiwa kuonyeshwa.

Hapo kwenye kuonyeshwa ndipo ninapoumia zaidi. Nimeona watoto wa makao wakicheza, kisha mmoja wao akapewa kipaza sauti awasimulie wageni jinsi wazazi wake walivyokufa, na wageni wakafuta machozi na kutoa bahasha. Nimeona mabinti wa miaka kumi na miwili wakielekezwa wakate viuno zaidi kwa sababu mgeni amefurahi, watu wazima wakiinuka kuwatunza kwa kuwachomekea noti kwenye nguo. Katika kundi la mabinti hao, kwa hesabu ya utafiti nilioutaja, wamo ambao miili yao imeshachukuliwa na mtu mzima bila ridhaa yao, nasi tunawafundisha kwa mara ya pili kwamba mwili wao ni wa kuwafurahisha wakubwa. Naiita hii dhuluma, hata kama nia ya mwenye makao ni kupata unga wa watoto. Na yupo mkufunzi wa ngoma anayeshika fimbo mazoezini, akimchapa miguu anayekosea hatua. Huyo afadhali watoto wakae bila ngoma kuliko kukaa naye.

Kwa hiyo utaratibu ni lazima uwepo, nao hauhitaji fedha nyingi. Kikundi kikutane siku ile ile, saa ile ile, na mtu mzima yule yule, kwa sababu mtoto aliyeumizwa huupima uaminifu wetu kwa kurudi kwetu. Mtoto anayetaka kukaa pembeni akitazama aachwe akae, hata kwa muhula mzima, na asitaniwe. Asiguswe na mtu ambaye hajamruhusu. Ngoma kubwa isianze kwa kishindo, maana kwa aliyewahi kuvunjiwa mlango usiku kishindo kile ni mlango. Ianze na wimbo, makofi, kisha ngoma ndogo. Asiwepo mkufunzi anayebaki na mtoto mmoja faraghani. Mwishoni watoto waketi, wanywe maji, wapumue taratibu, ndipo waende nyumbani.

Na ieleweke vyema kwamba ngoma haimtoi mtoto mikononi mwa anayemuumiza. Mkufunzi akiona alama za kipigo au akisikia neno la kutia shaka, wajibu wake ni kumpata afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au kupiga simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116, siku hiyo hiyo. Mtoto anayetaka kujidhuru, au ambaye hali wala halali, anahitaji wataalamu wa afya ya akili kama wale walioko hospitali ya Bugando, na ngoma iendelee sambamba na huduma yao.

Najua wapo wazazi watakaosema ngoma ni mambo ya mizimu. Nawaheshimu, na sitaki mtoto wao alazimishwe. Naomba tu wakumbuke kwamba Bujora ni parokia ya Kikatoliki, kwamba Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho pale, aliingiza ngoma za Kisukuma katika ibada yenyewe, na kwamba Bulabo huchezwa katika sikukuu ya Ekaristi. Dawa za kienyeji zinazotumiwa katika mashindano ya ngoma tunaziacha nje ya uwanja wa watoto. Kwa familia za Kiislamu, kaswida yenye dufu na kuyumba kwa pamoja hufanya kazi ile ile, na madrasa nyingi mjini tayari zinayo.

Ombi langu ni hili. Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zianze na shule chache na makao machache, ziwatafute manju wazee wa Kisesa, Kayenze na Buhongwa wangali na nguvu, ziwaunganishe na maafisa ustawi wa jamii na watu wa afya ya akili kwa mafunzo mafupi ya namna ya kukaa na mtoto mwenye kiwewe, na vipindi vya sanaa na michezo vilivyomo katika ratiba vitumike kwa kazi hiyo badala ya kugeuzwa vipindi vya ziada vya hesabu kila mtihani unapokaribia. Wamiliki wa makao wakubali kwamba mtoto hatacheza mbele ya mgeni isipokuwa ametaka mwenyewe, na kwamba habari za maisha yake hazisimuliwi jukwaani na mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, kwa ajili ya mchango. Wastaafu wenzangu wanaojua nyimbo hizi wajitokeze katika shule zilizo karibu nao. Mimi nimekwisha kuzungumza na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, na tunaanza Jumatano baada ya masomo, na sherehe yoyote haijapangwa.

Mwalimu mstaafu,
Ilemela, Mwanza.