Hawakusema joto ni uongo, walisema namba hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Mimi nasoma gazeti lenu hapa Kadutu, Bukavu, jirani akishamaliza, linanifikia na siku tatu za kuchelewa, njo maana barua yangu inakuja nyuma kidogo. Ni juu ya yule msomaji aliyeandika eti habari ya dunia kupata joto ni mchezo wa wazungu wa kutafuta makuta, na ushahidi wake ni kwamba hata wanasayansi wenyewe walichunguza mvua ya Kalehe wakashindwa.

Hapo kuko kitu cha kweli na kuko kitu amekipindisha. Tarehe 4 Mei 2023 mvua ilinyesha, mito ikashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe kando ya ziwa Kivu, kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, wakafa watu zaidi ya 400 na wengine mpaka leo hawajaonekana. Mwezi wa sita watafiti wa kikundi kinaitwa World Weather Attribution (kazi yao ni kuangalia kama mvua ama joto fulani limeongezwa nguvu na mabadiliko haya ya hali ya hewa) wakaandika kwamba kwa mvua ile ya kando ya ziwa Kivu hawawezi kusema ndiyo wala hapana. Sawa. Lakini ndugu yangu ungesoma mpaka chini, usiishie kwa kichwa cha habari! Walishindwa juu vipimo vya mvua katika eneo letu ni vichache mno, stesheni hazitoshi. Mtu akienda kwa munganga, munganga akamwambia mashini ya damu imekufa siwezi kujua kama ni malaria, atatoka pale akitangaza mujini kwamba malaria haiko Bukavu?

Mengine yanajulikana vizuri. Ripoti ya 2021 ya GIEC (kikundi cha Umoja wa Mataifa cha wanasayansi wa hali ya hewa, kwa Kiingereza IPCC) ilisema haina ubishi tena kwamba ni binadamu amepasha dunia, karibu digri 1.1 kupita miaka ya 1850 mpaka 1900, na hewa ikipanda digri 1 inaweza kubeba mvuke wa maji karibu asilimia 7 zaidi, na ule mvuke lazima siku moja uanguke kwa mtu. Na wale wa Goma wanaosema joto linatoka Nyiragongo, pole, volkano zote za dunia ukizijumlisha moshi wao wa kaboni (ule unashika joto lisitoke) haufiki asilimia 1 ya ule unatoka kwa petroli, makaa ya mawe na gesi tunayochoma sisi watu.

Sasa niseme kilichoniuma kweli. Muzee wangu alikuwa anapima mvua. Alifanya kazi kwa shamba moja kubwa la kwinini, na kila asubuhi saa moja, hata Noeli, alitoka na kaye yake (daftari), akamwaga maji ya kile chombo katika kichupa chenye mistari, akaandika milimita. Kama haikunyesha aliandika sifuri. Sisi watoto tulimcheka sana, mtu mzima anaamka kuandika sifuri! Halafu vita ya 1996 ikaja, bureau ikaporwa, meza zikaenda, bati zikaenda, na kaye nazo zikaenda. Miezi fulani baadaye mama akarudi na karanga kutoka soko, zimefungwa kwa karatasi, muzee akaikunjua akaona mwandiko wake. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka umechanika. Hakusema kitu, aliipigapiga ile karatasi chumvi ikatoka, akaiweka ndani ya Biblia.

Wanasayansi wanapenda namba za miaka 30 mfululizo kabla ya kusema hali ya kawaida ya mahali ni hii. Ile miaka 30 tulikuwa nayo, tulikula karanga ndani yake. Kuko mwamerika mmoja, Charles Keeling, alianza kupima kaboni ya hewa kwa mlima Mauna Loa kule Hawaii mwaka wa 1958, wakati ule ilikuwa kama sehemu 315 kwa milioni, leo imepita 420, na ile kurba (mstari wa namba zake unaopanda) njo imefunga midomo mingi. Kazi yake kwangu ni sawa na ya muzee, ni kupima bila kuchoka, tu kaye zake zilibaki.

Kwa hiyo yule msomaji mimi simuombi aamini wazungu. Namuomba akate chupa ya maji yenye ukuta ulionyooka, ageuze ile shingo ikae juu kichwa chini kama faneli, atie maji kidogo chini mpaka kupita ile sehemu ya mabonde na aweke alama hapo, abandike rula sifuri ikae kwa alama, aiweke mbali na mti na bati. Asubuhi anasoma, anaandika, anamwaga mpaka alama. Mimi nimeanza tangu mwezi wa tisa. Jumanne ilikuwa milimita 23, jana sifuri, na niliiandika. Kama munaweza kunipatia kanafasi kadogo kila juma, hata chini ya matangazo ya vifo, nitakuwa naleta namba, na kama mtu wa Bagira ama Panzi anapima naye alete zake tulinganishe, juu mvua ya Kadutu haiko ya Panzi.

Msomaji wenu wa Kadutu, Bukavu