Tufundisheni uokoaji huku mtaani, tisheti tunazo

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo limenikaa rohoni.

Miezi miwili iliyopita kijana wa bodaboda wa kijiwe chetu aligongwa na gari saa moja jioni, yaani kabla vumbi halijatulia watu washamzunguka, mmoja anamvuta mikono mwingine miguu, tukambeba mzobemzobe mpaka kwenye bajaji, kiti hakimtoshi tukamkunja, shingo inaning'inia huku na huku, na kuna mmoja anang'ang'ana kumvua helmeti eti apate hewa. Nasema tukambeba maana na mimi nilishika mguu. Usiku binti wa jirani anayesomea unesi akaniambia anko mtu kama yule hasogezwi hivihivi, shingo inashikiliwa isicheze, mnaweza mkamlemaza nyie mliokuja kumuokoa. Kijana yuko kwao Singida sa hivi, na kwa kweli sijapata ujasiri wa kumpigia simu.

Zimamoto siwalaumu. Namba yao 114 ipo, lakini gari lile kubwa litapita wapi na vichochoro vyetu hivi? Siku zote anayefika mwanzo ni jirani. Ile ndege iliyoangukia ziwani Bukoba Novemba 2022 waliowahi ni wavuvi, Majaliwa Jackson na wenzake, watu 24 wakatoka hai kati ya 43. Kariakoo ghorofa liliposhuka Novemba 2024, raia walianza kuchimba kifusi kwa mikono. Moyo wa kusaidia Watanzania tunao tena sana, shida ni kwamba tunasaidia kwa kubahatisha. Na kuna wakati hata kusaidia hatusaidii, tuikumbuke Msamvu Morogoro Agosti 2019, lori la mafuta limepinduka watu wanakimbilia na madumu, likalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Wangekuwepo pale vijana kumi waliofundishwa kuzuia watu na kupiga filimbi mapema sijui ingekuwaje.

Sheria ya maafa ya mwaka 2022 inataka kamati ziwepo kuanzia taifa mpaka huku chini. Nilimuuliza mjumbe wetu kamati yetu iko wapi akacheka, akasema labda wakati wa mafuriko. Sasa mafuriko yakishaingia ndani ndo unaunda kamati?

Ninachoomba ni hiki, vijana wa ulinzi shirikishi wapo tayari, bodaboda wapo kijiweni kutwa nzima, mama ntilie wanashinda na moto, hao ndo wafundishwe, na isiwe semina ya siku moja hotelini yenye soda, posho na tisheti halafu kwaheri. Zimamoto na Msalaba Mwekundu wana wataalamu, waje huku huku uchochoroni, kila baada ya miezi mitatu, watu washike kwa mikono yao. Mafuta ya chipsi yakiwaka usimwagie maji, zima jiko funika na mfuniko, mbona hili ni jambo la dakika tano kulielewa lakini wangapi wanalijua? Gesi ikinuka usiguse swichi hata ya taa, funga mtungi fungua madirisha toka nje. Mtu anavuja damu kandamiza kwa kitambaa safi usiachie. Sisi tunaokaa karibu na Msimbazi tufundishwe kumrushia mtu kamba badala ya kumfuata majini tukafa wawili. Vifaa navyo si vya kutisha, machela moja, glavu, kamba, filimbi, mtungi wa kuzimia moto, vikae kwa mtu anayeamka ukimgongea usiku, sio ofisi inayofungwa saa tisa na nusu.

Kijiweni kwetu tuko 14 na tumeshakubaliana, Jumamosi asubuhi hakuna kazi, uwanja wa mpira upo, hata maji ya kunywa tutanunua wenyewe. Bado mwalimu tu.

Msomaji wako,
Dar es Salaam