Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023: Grini Zetu Baada ya Ile Winta

Wanachama wenzangu, wazee, kina mama na vijana, habari za siku nyingi. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea, na ligi ya jioni ilienda vizuri, hongera kwa walioshinda. Mimi nitaongea kuhusu uwanja wetu wa gofu tu maana huo ndo umekula mwaka wetu na ndo kitu wengi mmekuwa mkinipigia simu juu yake.

Ile winta mnaikumbuka. Hapa Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul kule Minnesota, theluji ilifika inchi 90.3, msimu wa tatu kwa wingi wa theluji tangu waanze kupima, lakini tuelewane hapa, sio theluji iliyotuulia nyasi. Theluji ni blanketi, nyasi ikiwa chini yake inalala salama. Kilichotuumiza ni ile mvua ya katikati ya Februari, mvua kabisa, ikaloweka theluji, maji yakashuka yakatuama kwenye sehemu za chini za grini, zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo la bendera, halafu baridi ikarudi yakaganda pale pale. Grini ikifunikwa na barafu ngumu hivyo hewa haiingii, na nyasi huko chini bado inapumua kidogo kidogo, gesi mbaya zinajazana mpaka inakufa kwa kukosa hewa. Ile poa annua, aina ya nyasi inayojiotea yenyewe, ambayo ndo imejaa kwenye grini zetu za zamani, ikikaa chini ya barafu kama siku 60 hivi usiitegemee tena. Bentigrasi, ile nyasi nyembamba tunayoipanda wenyewe, inaweza kuvumilia hadi siku 90 mpaka 120. Ndo maana grini namba 4 ilitoka na mabaka, hapa kijani, pale kahawia tupu, kijani ilikuwa bentigrasi na kahawia ilikuwa poa.

Mwezi wa tatu msimamizi wa uwanja alichukua kile chuma cha kukatia shimo la bendera, akapasua barafu na kutoa kipande cha grini namba 4, 7 na 2. Cha namba 4 kilinuka uozo hata kabla hajakiinua vizuri. Akaviweka kwenye sahani dirishani ofisini, juani, akawa anavinyunyizia maji. Baada ya kama wiki mbili cha namba 2 kilikuwa kimechipua vizuri, vile viwili vingine vikabaki rangi ya majani makavu, na ukivuta jani linang'oka lote, kitako chake laini, kimeoza. Hapo tukajua kazi tuliyonayo kabla hata theluji haijaisha nje.

Sasa Aprili. Tarehe moja theluji nzito, tarehe 12 joto likapanda mpaka nyuzi 88 za Farenhaiti, kila mtu akatoa fimbo garini akaja, akakuta namba 4 na 7 zimefungwa na tunapiga kwenye grini za muda huko kwenye feawei, ile njia ya nyasi ya kuelekea grini. Najua mlikasirika, na wengi wetu tumekulia karibu na viwanja vya kule Nairobi na Limuru, nyasi ya kikuyu unaikanyaga leo kesho imerudi, lakini hii ya huku sio hivyo jamani. Joto la hewa la siku mbili halipashi udongo. Mbegu ya bentigrasi inataka udongo ufike kama nyuzi 55 ndo iamke, na ikishaota ule mche ni mwembamba kuliko uzi wa kushonea, kiatu kimoja kinamaliza. Kamati ilisimama kwenye uamuzi ule na mimi bado nasimama nao.

Nawashukuru sana mliokuja kujitolea. Kutoboa vishimo vifupi, kumwaga mbegu, mchanga mwembamba juu, kutandika yale maturubai yanayopitisha hewa na maji ili udongo upate joto usiku, kuyatoa kukagua, kuyarudisha, na maji kidogo kidogo mara nyingi kwa siku maana mbegu ikikauka mara moja tu baada ya kuanza kuota basi. Halafu juu ya hayo ukame ukatukuta, kiangazi chote mvua haba, miche haina mizizi mirefu, vijana wetu walikuwa wanashika mpira wa maji saa sita mchana kuipoza. Namba 7 ikafunguliwa mwisho wa Juni, namba 4 Julai, na kisu cha mashine ya kukata nyasi tulikiacha juu kwa muda mrefu, ndo maana mpira ulikuwa unaenda polepole.

Sasa sikilizeni hili ndo kubwa. Namba 2 ina mashine ile ile, mbegu ile ile, wafanyakazi wale wale, na ilipona. Tofauti ni kwamba inapata jua la asubuhi. Namba 4 na 7 zina ile mistari ya misprusi upande wa kusini mashariki, kivuli winta nzima, barafu haiyeyuki, na mchanga tuliomwaga miaka yote umejenga ukingo pembeni ya grini unaozuia maji yasitoke. Najua wapo wanaoipenda ile miti, ni mizuri kweli, lakini tukiibakiza tutapanda mbegu kila Aprili. Na hatuko peke yetu, Chuo Kikuu cha Minnesota kinaongoza mradi mzima wa WinterTurf kwa ajili ya mambo haya haya.

Kwa hiyo kamati inaomba kura zenu kwenye mkutano mkuu: kuondoa miti iliyo karibu na hizo grini mbili, kukata ule ukingo ili maji yapate njia, na kuongeza bentigrasi kila mwaka mwisho wa kiangazi. Dawa ya kuvu wa theluji, ule ugonjwa unaoozesha nyasi chini ya theluji, itapigwa kabla theluji haijadumu, hiyo haihitaji kura. Ukingo tutaukata wenyewe ardhi ikiwa bado haijaganda, mwenye pikapu na sepetu amwambie katibu.