Barua kwa mwanangu: siku mwanafunzi wangu aliponipandisha Sanje

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Sisi huku Mang'ula hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Nakuandikia habari ya Jumamosi iliyopita, kwa kuwa imenikaa moyoni tangu nilipoteremka mlimani.

Unajua kwamba nimefundisha chini ya Milima ya Udzungwa kwa zaidi ya miaka 30, lakini sikuwahi kuingia ndani ya hifadhi hata siku moja. Aliyenipeleka ni kijana niliyemfundisha darasa la nne, ambaye sasa ni mwongoza watalii. Alinifuata nyumbani alfajiri, akaniamkia, akanipokea mkoba, na kila nilipopungukiwa na pumzi alisimama kwanza yeye, kana kwamba ndiye aliyechoka.

Udzungwa hutembelewa kwa miguu, na kwa kuwa tulikwenda polepole, tulisikia mengi kabla ya kuyaona. Mbega wekundu walituonyesha migongo yao juu ya miti, wakapita. Kisha kijana akainua mkono tunyamaze, na kutoka bondeni ikapanda sauti nzito, yenye kuita na kukatika. "Huyo ni ngolaga, Mwalimu," akasema. Akanieleza kwamba wanasayansi walimtambua kima huyo mwaka 1979, baada ya watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers kuisikia sauti yake katika msitu wa Sanje, na kwamba hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii. Lakini wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani.

Mwanangu, hapo nilikumbuka jambo ambalo sijapata kukusimulia. Mtoto huyu alizoea kuchelewa shuleni, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba alikuwa akimsikiliza ngolaga. Mimi, niliyekuja huku ukubwani na sikulijua jina hilo, nilidhani ananidanganya, nikamwadhibu, tena zaidi ya mara moja. Nilimwomba radhi pale pale njiani. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mwalimu, hata mimi nilikuwa sijui namna ya kukueleza."

Tulifika kwenye maporomoko ya Sanje jua likiwa limepanda. Maji hushuka kiasi cha mita 170 kwa hatua tatu, na ukisimama kando yake manyunyu hukulowesha uso, huku chini bonde la Kilombero likionekana lote na mashamba yake ya miwa. Tulikula mihogo na chai ya chupa, tukasikiliza maji bila kusema neno.

Ameahidi kutupandisha wote utakapokuja likizo. Njoo na viatu vinavyoshika vizuri, maana njia ya kuteremkia inateleza, na ujitahidi kufika Ijumaa ili tuanze safari mapema, kwa kuwa yeye anasema ngolaga husikika zaidi asubuhi.

Ni mimi mama yako.