Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo wa Chuo Kikuu cha Harvard

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninakuandikia hadharani kuhusu Harvard Stadium, uwanja ulio chini ya dhamana yako mjini Boston, nikiomba kwamba matengenezo yoyote yatakayofanywa hapo yaache eneo la kuchezea na majukwaa ya zege yanayolizunguka katika umbo lake la mwanzo.

Uwanja huo, uliofunguliwa Novemba 1903 kwa mchango wa wahitimu wa mwaka 1879, ulikuwa miongoni mwa majengo makubwa ya kwanza kujengwa kwa zege lenye nondo. Katika mechi ya kwanza ya futiboli ya Marekani, mchezo ambao mpira hubebwa mikononi, wenyeji walifungwa na timu ya Chuo cha Dartmouth 11-0, ila heshima ya uwanja imetokana na yaliyofuata.

Kufikia mwaka 1905 futiboli ya Marekani ilikuwa imejaa ukatili wa kutisha. Vijana walikuwa wakifa uwanjani, hata Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe alisoma Harvard, akawaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton. Kwa kuwa wachezaji walisongamana na kugongana katikati, Walter Camp wa Yale, mmoja wa watunga kanuni za mchezo huo, alipendekeza uwanja upanuliwe ili watawanyike. Hoja yake ilikuwa na mantiki, lakini ilikwama kwenye zege la Harvard, kwa maana majukwaa yalikwisha kusimama karibu na mistari na hayakuweza kusogezwa bila kubomolewa. Kanuni za mwaka 1906 zikapita njia nyingine, zikaruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono, na pasi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa roho ya mchezo wote. Ni viwanja vichache mno, popote duniani, ambavyo vipimo vyake vimeamua kanuni kwa kiasi hicho.

Umbo hilo liliwahi kuvurugwa. Mwaka 1929 upande ulio wazi wa uwanja huo, wenye umbo la kiatu cha farasi, ulizibwa kwa majukwaa ya chuma, idadi ya viti ikapita 57,000, na ilichukua hadi mwaka 1951 majukwaa hayo kuondolewa. Ardhi yenyewe, Soldiers Field, ilitolewa na Henry Lee Higginson mwaka 1890 kwa kumbukumbu ya marafiki zake sita waliohudumu katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na kwa maoni yangu zawadi ya namna hiyo inamfunga anayeipokea.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 1987 uwanja umetambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Hata hivyo, utambulisho huo peke yake haumzuii mmiliki binafsi kubadili jengo lake kwa fedha zake mwenyewe. Kwa sababu hiyo naomba chuo kijifunge chenyewe kwa ahadi ya maandishi, itakayotangazwa wazi, inayotaja vipimo vya eneo la kuchezea na sehemu za zege zisizopaswa kuvunjwa, na inayotaka badiliko lolote lijadiliwe hadharani kabla mkandarasi hajapatikana.

Wako kwa heshima,
Mpenzi wa historia ya michezo