Pushapu kwa Waliovuka Miaka 60: Kwa Nini Tunaanzia Ukutani

Wanaume wengi wa makamo na wazee wanaojiunga na kituo chetu cha mazoezi hapa Tanga, hasa wale waliopita Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria kabla utaratibu huo haujasitishwa mwaka 1994, huja na picha moja tu ya pushapu: kuruta kalala kifudifudi kwenye vumbi, afande anahesabu, na ole wake atakayegusa chini kabla ya amri. Tunapowaelekeza wasimame na kuukabili ukuta, baadhi yao huona tumewavunjia heshima. Kwa kuwa jambo hili hujirudia karibu kila mwezi, tumeona ni vema tulieleze kwa maandishi, ili mteja ajue sababu kabla hajafika.

Katika pushapu ya kawaida ya sakafuni, mikono hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Mtu mwenye kilo 80, kwa hiyo, husukuma kilo 51 hivi, ambazo zinauzidi kidogo mfuko wa saruji, na ni wachache kati yetu wanaoweza kukaa miaka 30 bila mazoezi kisha wakauinua mfuko huo mara kumi mfululizo pasipo kuumia. Mtu huyohuyo akipiga magoti, mzigo hushuka hadi asilimia 49, yaani kama kilo 39. Lakini akiinyoosha miguu na kuweka viganja juu ya kitu imara chenye kimo cha sentimita 60, hubaki na asilimia 41 tu, sawa na kilo 33. Ukutani mzigo huwa mdogo zaidi ya huo. Kimo cha mahali unapoweka mikono ndicho mizani yako, na ukikijua hicho huhitaji vyuma vya kununua.

Hesabu hiyo ndiyo pia inayotufanya tusiwe na haraka ya kuwapigisha wazee magoti, ingawa wengi wamesikia kwamba hiyo ndiyo pushapu ya wanaoanza. Magoti yenye maumivu ya viungo hayapendi sakafu ya saruji hata ukitandika mkeka mara mbili, na kwa baadhi ya wateja wetu kushuka chini na kuinuka tena ni zoezi zito kuliko pushapu yenyewe.

Mwalimu mmoja mstaafu wa miaka 63 alikuja kwetu akiwa na miguu ya kijana, maana Tanga ni mji wa baiskeli na hajawahi kuiacha yake. Alisisitiza kuanzia sakafuni. Alipiga mbili, kiuno kikazama, shingo ikatangulia mbele, na ya tatu aliimaliza kwa kuziba pumzi mpaka mshipa wa pajini mwa uso ukasimama, ilhali alikuwa ametuambia kwamba anatumia dawa za shinikizo la damu. Tukamsimamisha, akapumzika, kisha tukamwonyesha ukuta. “Mwanangu,” aliuliza, “sasa mimi nisukume nyumba?”

Tulimwomba aweke viganja usawa wa kifua, vikiwa vimeachana kwa nafasi inayozidi kidogo upana wa mabega, kisha arudi nyuma hatua moja ndogo kupita urefu wa mikono yake, akaze tumbo na makalio ili mwili unyooke kuanzia visigino hadi kisogo. Viwiko vyake vilitaka kutanuka kama mbawa za kuku, jambo linaloyaonea mabega, tukavirudisha karibu na mbavu hadi vikafanya pembe ya nyuzi 45 hivi. Alishuka kuelekea ukutani kwa muda wa sekunde tatu, akasukuma kurudi huku akihesabu kwa sauti, kwa sababu anayehesabu kwa sauti hawezi kuziba pumzi, na kuziba pumzi wakati wa kusukuma hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Alipofika sita mikono ilianza kutetemeka. Hakuuliza tena habari ya nyumba.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwemo waliovuka miaka 65, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Sisi hupanga siku mbili au tatu, zikiwa na siku ya mapumziko katikati, na huanza na seti mbili za marudio manane, yaani kusukuma mara nane, kupumzika, kisha mara nane tena. Mteja akiweza seti tatu za marudio 12 hadi 15 bila mwili kupinda, tunamshusha kimo: kutoka ukutani hadi meza ndefu ya jikoni, kisha kwenye kibaraza, na sakafu ikafuata ikiwa anaitaka. Kila akishuka kimo idadi hupungua, pengine akarudi kwenye sita, na hilo lisimvunje moyo. Misuli ikikakamaa siku moja au mbili baada ya mazoezi hakuna ubaya. Maumivu makali ndani ya bega au kwenye kifundo cha mkono ni habari nyingine, na hapo tunasimama.

Wenye nyumba za Kiswahili kama zile za Ngamiani wana bahati, kwa kuwa kibaraza hakisogei. Kiti cha plastiki hatukiruhusu kabisa, hata kikiegemezwa ukutani, na kandambili zivuliwe. Anayeumwa vifundo vya mikono ashike ukingo wa meza badala ya kukandamiza kiganja bapa.

Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo lisilodhibitiwa, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, tunamwomba apate kwanza idhini ya daktari wake. Maumivu ya kifua au kizunguzungu vikitokea katikati ya zoezi, zoezi limekwisha kwa siku hiyo na safari ni ya hospitali.

Mwalimu wetu sasa yuko kwenye kibaraza cha nyumbani kwake, marudio kumi. Anachokitaja mwenyewe si kibaraza. Anasema msikitini anainuka kutoka kwenye sijida bila kumshika bega jirani yake.

Kikao cha kwanza cha kupima uwezo hatukitozi malipo, na hufanyika asubuhi kabla ya jua kukaza. Njoo umekula kitu chepesi, hasa ukiwa na kisukari, ukiwa umevaa raba, na uje na dawa zako au majina yake kwenye karatasi, kwa kuwa hilo ndilo swali letu la kwanza baada ya shikamoo.